Picha Hii Ataitazama Nani?

Kila anayeingia studio kwangu hapa Mbeya kupiga picha ya kumbukumbu namuuliza swali moja kabla sijawasha taa: picha hii ataitazama nani? Wateja wengine husita, kwa kuwa walitarajia kuulizwa habari za saizi, fremu na rangi ya pazia la nyuma, lakini wakishafikiri kidogo hujibu kwa uhakika. Mmoja atasema ni mama yake aliyeko Kyela, ambaye hajamwona tangu alipohamia mjini. Mwingine atasema ni mchumba aliyeko masomoni. Mwingine atashika tumbo lake na kusema ni huyu anayekuja. Jibu hilo ndilo linaloniongoza kuchagua lenzi, mahali pa kumweka mtu, nguo atakayobaki nayo, na hata muda wa kungoja kabla ya kubonyeza. Nimekuwa katika kazi hii tangu enzi za mkanda wa filamu, nilipokuwa kijana wa kushika taa na kukata picha za pasipoti katika studio ya mtu mwingine jirani na soko la Mwanjelwa, na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote niliyojifunza ni kwamba picha ya mtu hupigwa kwa ajili ya mtu mwingine, ambaye mara nyingi hayupo pale inapopigwa.

Enzi za mkanda zilikuwa na nidhamu ambayo sitaki ipotee. Mkanda wa milimita 35 ulitoa picha 36, na kila picha iliyoharibika ilikuwa fedha iliyotoka mfukoni, tena bila mtu kujua kwamba imeharibika mpaka mkanda usafishwe. Kwa hiyo mzee aliyenifundisha alizungumza na mteja kwa muda mrefu kuliko ule aliotumia kupiga. Alimketisha, akamuuliza habari za shambani na za safari, akamnyooshea ukosi wa shati, na huku mazungumzo yakiendelea alimwangalia anavyogeuza shingo na upande gani wa uso anaoutanguliza anapomsikiliza mtu. Kisha alibonyeza mara moja au mbili na kumwambia aje Ijumaa. Leo kadi moja ya kamera hubeba maelfu ya picha, na vijana wanaokuja kujifunza kwangu hubonyeza mfululizo wakitumaini kwamba kati ya mia itapatikana moja. Ninawaagiza waiweke kamera mezani na kukaa na mteja mpaka waweze kunieleza ametoka wapi na picha anampelekea nani.

Baada ya mtu, kinachofuata ni mwanga, na mwanga wa Nyanda za Juu Kusini una tabia zake. Mji wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa yake ni nyepesi na jua lake ni kali hata siku za baridi, kwa hiyo vivuli hukatika kwa ncha. Tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Tena, kwa kuwa tuko magharibi ya mbali kuliko mstari ambao saa ya Afrika Mashariki imepimiwa, jua halifiki kileleni saa sita kamili. Hufika karibu saa saba kasorobo. Nalieleza jambo hili kwa kila kamati ya harusi, kwa sababu ibada nyingi humalizika kati ya saa sita na saa saba, na ratiba huandikwa kwamba maharusi watoke kanisani moja kwa moja kwenda kupiga picha. Huo ndio wakati ambao macho huzama ndani ya vivuli vya nyusi, pua huangusha kivuli mdomoni, na shela jeupe hung'aa mpaka nakshi zake zisionekane. Ninawaomba wawapeleke maharusi wakapumzike na kula, kisha tukutane saa kumi na moja jioni. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo kulingana na msimu, na linaposhuka hushuka haraka, kwa hiyo kazi nzuri ya nje ina muda wa saa moja na nusu tu. Kamati ikikataa kabisa kubadili ratiba, natafuta kivuli cha jengo lenye ukuta mweupe upande wa pili, maana ukuta huo hurudisha mwanga laini usoni.

Siku hizi maharusi wanapenda kwenda mbali. Wengine huomba Kitulo, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu, kwenye uwanda ulio juu kiasi cha mita 2,600, ambako maua hutawala nyasi katika miezi ya mvua. Ukungu wa kule, ambao wateja huuogopa, ni rafiki mkubwa wa mpiga picha, kwani ni kama shuka jeupe lililotandazwa mbele ya taa: uso huangaziwa pande zote na hakuna kivuli cha kupigana nacho. Adui wa kule ni baridi. Bibi harusi aliyevaa gauni lisilo na mabega hupandisha mabega hayo bila kujijua, midomo hukauka, na furaha yote hugeuka kuwa uvumilivu. Kwa hiyo nabeba blanketi na chupa ya chai, na blanketi haliondolewi mpaka kila kitu kiwe tayari. Pia picha za biashara ndani ya hifadhi zina utaratibu wake wa kibali, na ni vizuri kuushughulikia mapema kuliko kubishana getini na watu waliokwisha kuvaa. Wanaochagua ufukwe wa Matema, kwenye Ziwa Nyasa, hushuka mpaka karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto, na kule nawashauri asubuhi, kwa kuwa Milima ya Livingstone iliyo upande wa mashariki hulichelewesha jua na kuuacha ufukwe katika mwanga mpole wakati sehemu nyingine kumeshapambazuka sana. Na kwa yeyote anayepiga sherehe za usiku Njombe au Makete mwezi Juni na Julai, kamera iliyotoka kwenye baridi ya nje ikiingizwa ghafla kwenye ukumbi uliojaa watu, lenzi hufunikwa na ukungu wa maji. Iachwe ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto polepole, na mwenyeji aambiwe mapema kwamba muda huo unahitajika.

Kuhusu wachumba na wanandoa, kazi kubwa ni kuelewa kwamba picha yao ina watazamaji wa aina mbili. Ipo picha itakayotundikwa sebuleni, mbele ya wazazi wa pande zote mbili, mchungaji, majirani na watoto watakaozaliwa, na ipo ile ambayo wenyewe wawili wataitazama chumbani. Vijana hunionyesha kwenye simu picha walizozipenda mtandaoni: bwana harusi amembeba bibi harusi, au wamegusanisha paji kwa paji huku wamefumba macho. Sizikatai. Ila nawauliza kama baba mkwe akija kunywa chai atakaa chini ya picha hiyo kwa raha, na mara nyingi wao wenyewe hucheka na kuomba tupige aina zote mbili. Nimeona nyumba ambamo picha nzuri sana ya harusi imefungiwa kabatini kwa miaka kwa sababu hakuna aliyepata ujasiri wa kuitundika.

Wengi wa wanaume wa huku hawakulelewa kumshika mke kiuno mbele za watu, na kumwamuru mtu afanye hivyo mbele ya shangazi zake kunamfanya agande. Nimeacha zamani kuwapanga watu mikono. Ninawapa jambo la kufanya: namwomba bibi harusi amrekebishie mwenzake tai, au watembee kuelekea kwangu wakijadili nani kati ya wageni amekuja kutoka mbali zaidi. Mkono ukiwa na kazi husahau kwamba unatazamwa. Walikuja mara moja mzee na mkewe, wakulima wa viazi kutoka upande wa Uyole, walioletwa na watoto wao waliotaka kusherehekea miaka mingi ya ndoa ya wazazi. Hawakuwahi kupiga picha wakiwa wawili. Waliketi kwenye benchi kila mmoja upande wake, wakiwa wameacha katikati nafasi ya mtu wa tatu, na watoto wakaanza kuwapigia kelele wasogeleane. Niliwaomba watoto watoke nje wote. Kisha nikamuuliza mama ni nani kati yao hupoteza vitu nyumbani, na mama akaanza kueleza habari ya jembe moja lililotafutwa msimu mzima, na mzee akageuka kumkatiza ajitetee, na katika kujitetea akaweka mkono wake juu ya goti la mkewe ili anyamaze. Sikuwaambia wasogee. Niliwapiga vile walivyokuwa, na mkono ule juu ya kitenge, wenye kucha zilizobeba udongo mwekundu ambao hakuna sabuni inayoutoa, ndio kitu cha kwanza watoto wao walichokigusa kwenye karatasi nilipowakabidhi.

Jambo jingine ambalo lazima niliseme kwa uwazi ni rangi ya ngozi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba kila kilichoko mbele yake kina wastani wa kijivu. Mbele ya shela jeupe hupunguza mwanga mpaka uso wa bibi harusi unakuwa giza. Mbele ya suti nyeusi huongeza mpaka uso unapauka. Kwa hiyo napima mwanga kwenye uso, na gauni nalishughulikia baadaye. Ukweli ni kwamba kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zililinganisha rangi zake kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ukifungua albamu za zamani za familia zetu utaona matokeo yake: babu na bibi wamebaki meno na macho, na uso wote umezama. Watu wakazoea kuamini kwamba ngozi nyeusi haitokei vizuri pichani. Inatokea vizuri sana ikipewa mwanga wa pembeni, mpana na laini, kama ule wa dirisha kubwa lenye pazia jepesi, kwa sababu ngozi yetu huonyesha umbo la uso kwa njia ya mng'ao wake, kwenye mfupa wa shavu, kwenye paji na kwenye daraja la pua. Flashi iliyoelekezwa usoni moja kwa moja huua umbo hilo na kuacha doa la mafuta.

Ndiyo maana ombi la "nifanye mweupe kidogo" naliitikia kwa mazungumzo marefu kuliko ombi jingine lolote. Ninaondoa chunusi, kwa kuwa wiki ijayo haitakuwepo. Kovu naliuliza kwanza, kwa kuwa wengine hulipenda. Rangi siibadili. Ninamweleza mteja kwamba mtoto wake atakapoitazama picha hii baada ya miaka 30 atakuwa akitafuta humo sura yake mwenyewe, aone pua aliitoa wapi na rangi aliitoa wapi, na mimi sina haki ya kumnyang'anya. Wapo walioondoka kwenda kwa mpiga picha mwingine, na nimewaachia waende kwa amani.

Watu nisiowajua, ambao nakutana nao njiani na sokoni, wamenifundisha adabu ya kazi hii kuliko wateja wanaolipa. Sipigi picha ya mtu kwa kumwibia. Karibu na Soko Matola alikuwapo mzee fundi viatu ambaye mikono yake ilinivuta kila nilipopita: vidole vilivyopakwa nta, na juu ya kidole gumba mstari mweusi, mfupi na wa kina, uliochimbwa na uzi anaouvuta kila siku. Siku moja nilimwamkia, nikampa kiatu kilichoachia soli, nikaketi kwenye kibao chake mpaka akamaliza, ndipo nikamwomba. Akasema, "Subiri kwanza nivae koti." Alifuta mikono, akalitoa koti la kahawia kwenye msumari, akafunga vifungo vyote mpaka juu, akasukuma nyundo na chupa ya gundi chini ya benchi zisionekane, akakaa wima na mikono ameificha kwapani. Kila nilichokuwa nimekiona kikatoweka. Nilipomuuliza picha angependa imfikie nani, akasema ana binti muuguzi Dodoma, na hataki afikiri kwamba baba yake anateseka.

Nilimpiga katika koti lake, kwa uangalifu uleule ninaompa bwana harusi, nikasubiri mpaka akaacha kukaza taya. Hiyo ndiyo niliyomsafishia na kumpelekea. Kisha nikamwomba ruhusa ya kupiga mikono yake akiwa kazini, akakubali kwa sharti kwamba picha hiyo nisiionyeshe watu, na nimelishika sharti hilo. Sisi wapiga picha hupenda makunyanzi, moshi na nguo zilizochakaa, na tunaviita uhalisia, wakati mwenye uso anajua kwamba uhalisia wake una Jumapili pia, na koti lililotundikwa kwenye msumari ni lake sawasawa na mikono. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo imeipa uzito ridhaa ya mtu juu ya taarifa zake, na nawashauri vijana waisome. Lakini hata kabla ya sheria, salamu ilikuwapo. Mtu akikataa, anashukuriwa, na mazungumzo yanaendelea bila kamera. Mtoto hapigwi picha mpaka mzazi au mlezi wake ajue, hata akiwa yeye mwenyewe ndiye anayeruka mbele ya lenzi akiomba.

Nije kwenye familia, ambako ndiko ninakotumia nguvu zangu nyingi. Upande wa ufundi hauna siri kubwa: kwa mistari mitatu ya watu nafunga tundu la lenzi mpaka f/8 ili wa nyuma wasififie, kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, haishuki chini ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde kwa sababu watoto hawatulii, fokasi naiweka kwenye mstari wa mbele au mbele kidogo ya ule wa kati, na kabla ya kubonyeza nawaomba wote wafumbe macho kisha wafumbue kwa pamoja nikifika tatu, ili wasipepese. Ugumu wote uko kwenye mpangilio, kwa kuwa mahali mtu anaposimama panaeleza yeye ni nani katika ukoo, na picha itaendelea kueleza hivyo wakati wenyewe hawapo tena.

Katika mila za Wanyakyusa, kwa mfano, mkamwana hujitenga na baba mkwe wake kwa heshima. Zamani hakukutana naye uso kwa uso wala kulitamka jina lake. Mjini wengi wameilegeza mila hiyo, lakini haijafutika mwilini. Niliitwa nyumba moja Tukuyu, siku ya mkusanyiko wa ukoo mwishoni mwa mwaka, na kijana mmoja wa familia, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa ameandika kwenye karatasi nani akae wapi kwa kufuata urefu na rangi za nguo. Mke wa kaka yake aliangukia nyuma ya kiti cha mzee mwenyewe, na mkono wake ulitakiwa ushike mgongo wa kiti. Alitii. Ila niliona kwamba ameinamisha macho, bega moja amelirudisha nyuma, na mkono ule ulikuwa unaelea hewani bila kugusa mbao. Mzee naye alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, akiwa ameegemea fimbo. Shangazi mmoja alinitazama bila kusema neno. Nilibadilisha watu watatu kwa mpigo, ili isijulikane ni yupi hasa anayehamishwa: mtoto mrefu nikampeleka nyuma ya babu yake, mjomba nikamleta katikati, na yule mkamwana nikampeleka mwisho wa mstari upande wa pili, kando ya bibi. Uso wake uliinuka papo hapo, na mzee akaegemea kiti. Tangu hapo, kabla ya kupanga familia yoyote, namtafuta shangazi au bibi mwenye kauli, na namwomba anieleze pembeni nani hakai karibu na nani, na nani asiachwe nje.

Kuachwa nje ndilo jambo linaloumiza zaidi. Yuko msichana wa kazi aliyewalea watoto wote, yuko mtoto wa nje ya ndoa aliyekuja kwa mara ya kwanza, yuko mjane ambaye ndugu wa mume hawajaamua bado kama ni wao. Si kazi yangu kuuamulia ukoo, na siamui. Ila huwa nauliza kwa sauti ya kawaida, kabla ya kuanza, kama wote wamefika, kisha nasubiri kidogo zaidi ya inavyohitajika, na katika subira hiyo mara nyingi mtu mzima mmoja huita jina.

Wazee wetu hawatabasamu pichani, na mimi siwaombi watabasamu. Wao walizoea kwamba kupigwa picha ni tukio la heshima, ambalo mtu hulikabili kwa uso uliotulia, mikono magotini, miguu sambamba. Mjukuu anayemfahamu babu yake kwa utulivu huo atamtambua humo kuliko katika kicheko cha kulazimishwa.

Kila ninapomaliza picha ya ukoo namwomba mzee au bibi abaki kwenye kiti peke yake, dakika mbili tu, wakati wengine wanaondoa viti. Silipishi picha hiyo. Sababu yake ni misiba. Watu huja studio usiku, wakiwa bado na vumbi la safari, wameshika simu yenye picha ya kikundi, na wanaomba nimtoe marehemu peke yake, nimkuze, nimtie kwenye fremu itakayowekwa mbele ya jeneza kesho yake. Ili picha ya ukubwa wa A4 itoke kwa ukali wa kuridhisha inahitaji takriban nukta 2,480 kwa 3,508, na uso uliokatwa kutoka kwenye picha ya kikundi iliyopita mikononi mwa watu wengi kwa WhatsApp unaweza usiwe na hata nukta 200 kwa upana. Programu za akili mnemba hudai kuusafisha uso kama huo, na kweli hutoa uso mkali, ila kope na mistari ya mdomo zimebuniwa na mashine. Nimeshuhudia binti akiitazama kazi ya namna hiyo, aliyoipata mahali pengine, na kusema taratibu kwamba huyu siye mama. Kwa hiyo napendelea picha ndogo, yenye ukungu kidogo na ukweli, ndani ya fremu yenye karatasi pana ya pembeni, na familia nyingi nikiwaeleza hukubali. Lakini wale ambao mzee wao aliwahi kubaki kwenye kiti kwa dakika zile mbili huja wakiwa na utulivu wa namna nyingine, kwa kuwa faili ipo, na kinachobaki ni kuitoa kwenye karatasi.

Kuitunza faili hiyo ndiyo sehemu ya kazi isiyoonekana. Zanzibar, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelea mikononi mwa mwanawe, na kwa sababu familia ilitunza ilichonacho, vizazi vya watu wa pale bado vinaweza kuonekana. Katika miji yetu ya nyanda za juu studio nyingi za mkanda zilifungwa wakati simu zilipoingia, na maboksi ya negativu, yaani mikanda iliyosafishwa ambayo picha za karatasi hutolewa kwayo, yakatupwa chumba kilipopata mpangaji mpya. Huja watu kuniuliza kama ninajua zilikokwenda negativu za studio fulani iliyokuwa karibu na stendi, kwa kuwa baba yao alipiga picha pale kabla hajafariki, na sina la kuwajibu. Kwangu kila kazi inahifadhiwa kwenye diski mbili, moja studio na nyingine nyumbani, na mwanzoni mwa kila mwaka nazifungua zote kuhakikisha zinasoma, kwa kuwa diski iliyokaa kabatini bila kuwashwa hufa kimya. Namsisitizia kila mteja asafishe angalau picha moja kwenye karatasi, hata ndogo, kwa sababu simu huibiwa na namba za siri husahaulika.

Na nyuma ya kila picha ya familia ninayoikabidhi naandika majina, mstari kwa mstari kuanzia kushoto, pamoja na mahali na mwaka. Wateja wengine huona ninaichafua. Nimeshashika mikononi picha nyingi za zamani, nzuri kabisa, ambazo hakuna aliyebaki wa kusema yule mwanamke aliyesimama pembeni alikuwa nani, kwa hiyo sijali malalamiko. Kwa karatasi za kawaida natumia penseli laini na kuandika karibu na ukingo bila kukandamiza, ili maandishi yasitokeze upande wa mbele. Karatasi nyingi za sasa zina tabaka la plastiki ambalo halishiki penseli, na hizo nazitia kwenye bahasha yenye majina yote, kisha orodha hiyohiyo naituma kwa simu kwa ndugu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja wao akiwa yule shangazi aliyenisaidia kupanga.